Karani wa Mzani

Kwenye boriti ya kibanda cha nyuma ya nyumba yangu, hapa Bariadi, unaning'inia mzani wa rula. Mkono wake wa chuma una alama kama za rula ya shule, na kile kijiwe chake cha kutelezesha kimeliwa na kutu upande mmoja. Niliununua kwa bei ya chuma chakavu, siku chama cha ushirika kilipouza vitu vyake vya zamani. Mke wangu aliniuliza nautakia nini, nikakosa jibu. Wajukuu ndio walioupatia kazi. Mmoja hudandia ndoano, miguu juu, mwingine husogeza kijiwe na kutangaza kwa sauti nzito: "Kilo ishirini na sita! Safi!" Sikuwafundisha neno hilo. Wamelisikia tu, nami nadhani huwa nalisema hata usingizini.

Kwa asiyetoka kwenye pamba nieleze kidogo. Mkulima akivuna, huichambua pamba yake nyumbani kwa mafungu mawili: nyeupe isiyo na doa ni safi, na ile iliyoguswa na mvua, mdudu au udongo ni fifi. Huzifunga mbalimbali akazipeleka kwenye kituo cha kununulia. Pale hukutana na karani wa mzani, anayetazama, anayepima, anayeandika na anayelipa, au anayeahidi kwamba malipo yatakuja. Mimi nilikuwa karani huyo tangu mwaka 1979. Mkulima anasimama, mke wake anasimama, vibarua wa kunyanyua wanasimama, karani amekaa.

Kukaa huko sikukufikiria kwa karibu miaka arobaini.

Mwaka 2018 Nane Nane ya kitaifa ilifanyika kwetu Simiyu, viwanja vya Nyakabindi. Nilikwenda kutazama matrekta na ng'ombe wa maziwa. Njia ya kutokea ilipita kando ya hema la afya, wanapima bure, na nesi mmoja kijana akaniona.

"Shikamoo babu. Njoo nikupime, haiumi."

"Marahaba. Unipime nina nini?"

"Ndiyo tunataka kujua, babu."

Nikakaa. Akanifunga kile kitambaa mkononi, kikajaa upepo, kikalegea. Akatazama namba, hakusema kitu, akahamia mkono wa pili. Hapo nikajua. Mtu anayepima mara mbili namfahamu vizuri, maana nami nilikuwa hivyo: gunia likitoa kilo nisizozitarajia, nalishusha, naugongagonga mzani, napima upya. Ama chuma kimekwama, ama ndani ya gunia mna mchanga.

"Umetembea haraka kuja hapa?"

"Nimekuja na bodaboda."

Akaandika 178 kwa 104. Akanichoma kidole, akaandika sukari 13.2. Akaniambia presha ya mtu mzima haitakiwi kufika 140 kwa 90, na kwamba kesho yake asubuhi, kabla ya kula, nifike hospitali. Nilichokihisi hakikuwa hofu, ilikuwa hasira. Sikuwa naumwa popote! Fifi unaiona kwa macho, hata mtoto anaijua. Huu uchafu wa mwilini mwangu ulikuwa umekaa ndani ya kitu cheupe kabisa.

Tangu siku ile nimekuwa nikirudi nyuma kama karani anayetafuta upotevu kwenye leja, ukurasa kwa ukurasa, nijue ni msimu gani hesabu ilianza kukataa.

*

Nianze na chumvi, maana ndiyo kitu cha kwanza daktari alichonikataza, na ndiyo hadithi ya zamani kuliko zote nilizoachiwa na babu yangu mzaa baba.

Wasukuma wa upande huu walikuwa wakiifuata chumvi Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Meatu, kwa miguu, kwa misafara. Mwandishi mmoja aitwaye H. S. Senior aliieleza misafara hiyo mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lakini mimi niliipata kwa babu kabla sijajua kwamba kuna Mzungu aliyeiandika. Vijana walikwenda na chakula cha njiani: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, na matobolwa, vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Walipita nchi ya simba na nchi ya kiu. Kijana aliyerudi na mzigo wake mabegani hakuitwa mtoto tena. Na chumvi yenyewe, alisema babu, bibi aliihifadhi juu ya moshi, akiitoa kwa ncha za vidole vitatu. Anayetia chumvi kwa kiganja, walisema, hajawahi kuibeba.

Mimi natembea dakika nne kutoka kibandani hadi dukani nikanunue pakiti. Na nikikaa kwenye meza ya chipsi pale stendi, kopo la chumvi liko mbele yangu, limetobolewa matundu makubwa, natikisa kabla hata sijaonja.

Wakati misafara ile ikiendelea, daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, alikuwa akifanya kazi Kisii, ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya. Mwaka 1929 alichapisha katika jarida la Lancet kwamba katika miaka 2 aliyokaa pale, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakumkuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Akapima pia watu wazima wasioumwa, akaona kwamba kwa wazee presha haikupanda na umri kama ilivyokuwa kwa wazee wa kwao. Karatasi hiyo nililetewa na binti yangu, ambaye ni muuguzi Mwanza na ndiye anayenilisha habari hizi. Kisii si Bariadi, hilo najua. Ila ardhi ya ziwa ni moja, na jembe la mkono ni lile lile.

Jembe hilo ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Vijana walilima kwa kundi, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na ngoma ikipigwa shambani. Bugobogobo ambayo leo watalii wanaonyeshwa jukwaani, majembe yakirushwa na kudakwa, ilianzia kwenye tuta la kweli, jua la kweli. Mtama ulisagwa kwenye jiwe na mwanamke aliyepiga magoti. Maji yalikuwa mtoni, na mto wenyewe, Simiyu, kiangazi ni mchanga mtupu ambao lazima uufukue. Sisemi kwamba zamani palikuwa pazuri. Mama yangu alizaa tisa akazika wanne, na hakuna aliyekaa kumpima presha kwa sababu kulikuwa na malaria na surua za kushughulikia kwanza. Wengi hawakufika umri ambao moyo huanza kugoma.

*

Pamba ilikuja na Wajerumani ikasukumwa na Waingereza, na miaka ya 1930 kikaanzishwa kituo cha utafiti Ukiriguru, karibu na Mwanza, ambacho ndicho kilichotupa mbegu zenye herufi UK. Waliokuwa wakinunua na kuchambua walikuwa hasa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, nao mizani ilikuwa yao. Wazee wetu hawakujua kusoma mizani, lakini walijua uzito wa mzigo waliotoka nao nyumbani kichwani. Mtu aliyebeba kitu kwa saa tatu hadanganyiki kirahisi.

Hapo ndipo kazi yangu ilipozaliwa, kabla mimi sijazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, wakae kando ya mzani wa mnunuzi na kuhakiki. Paul Bomani, kijana wa wakati huo, alitembea vijijini akiyaunganisha hayo, ikazaliwa Lake Province Growers Association, na mwaka 1955 chama kikuu cha Victoria Federation of Cooperative Unions. Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Nikifikiri, ni jambo la kujivunia: ushirika wa pamba wa Usukumani, ambao wengine waliuita mkubwa kuliko yote Afrika, ulianza kwa watu kutaka namba ya kweli.

Baba alinunua baiskeli ya Raleigh kwa fedha ya pamba ya mwanzo wa uhuru. Aliipakia magunia mawili yaliyoshindiliwa, moja kila upande, na la tatu juu, akaisukuma hadi kituoni, kisha akarudi ameipanda. Kwa muda mrefu nilidhani baiskeli ndiyo ilianza kutufanya wavivu. Sivyo. Baiskeli ilihamisha kazi kutoka shingoni hadi mapajani, haikuiondoa. Baba alifariki ana umri unaokaribia themanini, na miguu yake kitandani ilikuwa bado kama nguzo.

Kazi iliondoka kupitia mlango mwingine, nao ni mlango wa ofisi.

*

Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vijiji vikawa vinakusanya pamba na kuikabidhi kwa Mamlaka ya Pamba. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, mwandiko wangu mzuri, nikachukuliwa. Katikati ya miaka ya 80 vyama viliporudishwa, nikaingia SHIRECU, chama kikuu cha Mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu ilikuwa haijawa mkoa hadi 2012. Nilipewa meza, kiti chenye mikono, mihuri miwili, na mahali kwenye chai ya saa nne.

Chai ya saa nne inastahili kuelezwa. Ilipikwa na mama mmoja nyuma ya ghala, kwenye sufuria jeusi, maziwa nusu kwa nusu na maji. Sukari haikuwekwa kwa kijiko, ilimiminwa kutoka kwenye karatasi ya khaki iliyokunjwa kama faneli, na mama yule alihesabu kwa kuitazama inavyozama. Ikapozwa kwa kumwagwa kutoka kikombe hadi kikombe, mkono mmoja juu kabisa, hadi povu lisimame. Mandazi yalikuja kwenye beseni, moto, makubwa kama kiganja cha mkulima, na mafuta yaliyobaki vidoleni tulijipaka mikononi tukacheka kwamba ni losheni ya bure. Mafuta hayo yalikuwa ya pamba yetu wenyewe. Meneja alianza, kisha mhasibu, kisha makarani, kisha dereva. Vibarua waliotoka asubuhi kushindilia pamba ghalani walipata kilichobaki, na mara nyingi hakikubaki kitu.

Sasa ukumbuke ni miaka gani hiyo. Kiwanda cha sukari cha Kagera kilikuwa kimeharibiwa na vita vya Amin vya 1978 na 1979. Sukari, sabuni, khanga, vyote vilikuwa vya foleni, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alikuwa anawasaka wahujumu uchumi huku watu wakitupa bidhaa porini usiku. Kijijini kwetu kaya ilipata kilo moja ikibahatika, na wengi walikunywa uji wa mtama kwa ukwaju. Ila ofisi ya pamba ilikuwa na sukari. Hatukuiba, ilikuja na mgao kwa barua. Basi katika nchi nzima iliyokuwa inakosa sukari, sisi watu tuliokaa tuliipata kila siku saa nne, na saa kumi tena. Ukitaka kujua ugonjwa uliingia kwa nani kwanza, fuata ile barua ya mgao.

Na tulinawiri. Meneja wetu alikuwa na kitambi kilichoifanya suti yake ya Kaunda ifunguke kifungo cha chini, na watu walikiheshimu. Ng'ombe aliyenona ana mwenye kumtunza, na mtu vivyo hivyo. Nilipooa, shangazi zangu walinikagua ubavuni wakasema kazi imemkubali mtoto. Kipindi kile mtu kukonda maana yake njaa au kifua kikuu, na punde si punde ikawa na maana nyingine ya kutisha zaidi. Nani angetaka kukonda?

Dereva wetu ndiye aliyetangulia. Alikuwa mtu wa lori, anashinda ameketi kwenye kiti cha moto, anakula njiani, anavuta sigara ili asisinzie. Asubuhi moja ya msimu wa 1991 alitaka kushuka, mguu wa kushoto ukakataa, na mdomo ukaenda upande. Tulisema amekanyaga dawa. Kulikuwa na mtu aliyegombana naye kuhusu mzigo, kwa hiyo hadithi ilikamilika. Alipelekwa kwa mfumu, mganga wa kienyeji, akachanjwa, akafukizwa, na alipofikishwa hospitali ilikuwa wiki ya tatu. Hakuendesha tena. Baada yake meneja, ghafla, kanisani. Baada yake mhasibu, ambaye vidonda vya miguu vilimla taratibu hadi mguu ukakatwa, na hapo ndipo wengi wetu tulilisikia neno kisukari likitamkwa kuhusu mtu tunayemjua. Mama wa chai, aliyesimama na kuinama siku nzima jikoni, nilimzika miaka miwili iliyopita. Uzee ulimchukua.

Binti yangu aliponisikia nikiwataja hivyo, alisema, "Baba, umefanya utafiti wa Morris bila kujua." Jerry Morris alikuwa daktari wa London. Mwaka 1953 alichapisha matokeo ya kuwalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji lile: madereva na makondakta. Walikuwa watu wa tabaka moja, wa basi moja, ila dereva alikaa zamu nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi kama 500 hadi 750 kwa siku akikata tiketi. Madereva ndio walioshikwa zaidi na ugonjwa wa moyo, na ulipowashika uliwaua upesi zaidi. Baadaye Morris alipekua hadi vipimo vya suruali za sare, akakuta madereva wana viuno vipana zaidi. Huyo mtu alikuwa karani moyoni. Niliposoma habari ya suruali nilimkumbuka meneja na kifungo chake.

Sababu yenyewe ni nyepesi ukielezwa. Msuli unaofanya kazi hujivutia sukari kutoka kwenye damu, kama kibarua anayepita na kujichotea maji mtungini. Ukikaa, kibarua haji, mtungi unafurika. Chumvi nayo hushika maji mwilini, damu inakuwa nyingi ndani ya mabomba yale yale, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Kati ya watafiti waliofuatilia jambo hili wapo waliowafuata Wajaluo waliotoka vijiji vya kando ya ziwa kwenda kutafuta kazi Nairobi, na ripoti yao ya mwaka 1990 ilionyesha presha zao zilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kufika mjini, na mkojo wao ukawa na chumvi zaidi. Hawakuhitaji miaka ishirini.

*

Kwa hiyo nikawa na nadharia yangu: ugonjwa ni wa waliokaa. Niliipenda. Niliitembeza vijiweni.

Kisha mke wangu akapimwa. Mwanamke ambaye hajawahi kuwa na kiti chenye mikono maishani, aliyelima ekari zetu za pamba na mahindi tangu ubibi harusi, aliyeng'oa masalia ya pamba kila mwaka kabla ya msimu kufungwa. Presha yake ilizidi yangu. Nilimwomba nesi apime mara mbili, akapima mara tatu.

Hapo leja ilibidi ifunguliwe upya. Mwaka 1989 Donald McLarty, daktari Mskoti aliyefanya kazi Muhimbili, na wenzake walichapisha kipimo cha sukari cha watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulitoa asilimia 9.1 ya kisukari na asilimia 25.9 ya presha. Kama karani naonya kwamba hiyo ni mizani miwili tofauti, umri tofauti na mijini wamo, usitoe moja kwa nyingine ukadhani umepata faida kamili. Lakini hata ukiugongagonga mzani, uzito umepanda. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wa kaskazini magharibi mwa nchi yetu na kusini mwa Uganda, uliikuta presha mijini na vijijini pia, na wengi waliokuwa nayo hawakuwa wanajua.

Nilipomtazama mke wangu kwa macho hayo, niliona niliyokuwa sijaandika. Jiwe la kusagia liko mlangoni, kuku wanalinywea maji, mahindi yanakwenda mashine na yanakobolewa kwanza, sembe nyeupe pe, kwa sababu dona tunaiona ya jela na ya shule. Mtama ni wa pombe. Ile nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, aliyokuwa akiipika kwa karanga, sasa anaikaanga kwa mafuta ya kupima yanayotoka ng'ambo, na anatia kile kiungo cha pakiti chenye chumvi kuliko chumvi. Maji yako bombani, namshukuru Mungu. Shamba tumepunguza, tuna vibarua. Na juu ya yote alilea watoto watano akiwa na mume aliyekuwa kituoni miezi yote ya ununuzi, akimsubiri na fedha ambayo nyingine haikufika. Hilo nalo lina uzito, ingawa sijui linapimwa na nini.

Soko huria la mwaka 1994 lilileta makampuni binafsi. Nilihamia kwenye mojawapo, nikapewa pikipiki, na tangu hapo sikukanyaga tena njia ya Dutwa kwa mguu. Miaka ya 2000 ikiishia, pikipiki za Kichina zikajaa hadi kijana wa Nkololo asiye na shamba akawa na kazi, nayo ni ya kukaa. Nawaona pale stendi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, wameegemea tangi la mafuta, chipsi mayai kwenye mfuko wa nailoni, kopo la enaji katikati ya mapaja. Baiskeli za abiria zilizowatangulia wale vijana zilikuwa kazi ya jasho. Abiria alijisikia vibaya kwenye mlima, akashuka. Sasa hakuna anayeshuka.

Serikali iliona. Mwaka 2014 Utumishi wa Umma walitoa mwongozo wa kudhibiti VVU, UKIMWI na Magonjwa Sugu Yasiyoambukizwa mahali pa kazi, watu wakazoea kifupi chake, MSY. Ni karatasi nzuri: waajiri watenge bajeti, watu wapimwe, waelimishwe. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 nayo inamtaka mwajiri apimishe afya za wafanyakazi wake. Tatizo langu na karatasi hizo ni neno mwajiri. Bodaboda mwajiri wake nani? Kibarua wa kushindilia marobota miezi mitatu, kisha basi? Mke wangu je? Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa ya mazoezi nchi nzima, na kwetu ikashikwa kwa moto, maana mkuu wa mkoa, Anthony Mtaka, alikuwa pia kiongozi wa riadha ya taifa. Nilisimama barabarani nikiwatazama maofisa na raba zao mpya wakikimbia kuelekea Somanda. Upande wa pili mama mmoja alikuwa anarudi shambani, jembe begani, kuni kichwani, mtoto mgongoni. Alijibanza pembeni kuwapisha wafanya mazoezi.

Huko Meatu na kando ya Eyasi, ilikotoka chumvi ya babu, Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma, bado wapo. Watafiti wamewafunga vipima mapigo ya moyo na kuwakuta wakitumia zaidi ya saa mbili kila siku katika mwendo wa kutoa jasho, na presha za wazee wao ziko chini. Nao ardhi yao inazidi kupungua, na sehemu ya wanaoipunguza ni sisi wenye ng'ombe na majembe, tusisahau.

*

Siku hizi namtembelea karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, cha kijiji nilichozaliwa, mtoto wa rafiki yangu. Mzani wake ni wa kidijitali, namba nyekundu, mkulima mwenyewe anazisoma. Bomani angefurahi. Kijana ana kiti cha plastiki, simu mbili, na tayari shati linambana hapa kwenye kitovu. Msimu uliopita niliwahi foleni ndefu, nikasimama kando yake nione anavyofanya. Anapima vizuri, hana haraka. Nilimwambia akimaliza apande yeye mwenyewe juu ya ule mzani. Alicheka, akapanda, akashuka upesi kabla sijasoma.

Saa nne dada yake akaleta chupa ya chai. Huku kwetu sukari inatiwa jikoni, chai hufika ikiwa imeshaamua. Akanimiminia, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa, akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili.

"Karibu chai, baba."

Nilikuwa nimemeza dawa asubuhi, na maneno ya daktari nilikuwa nayo yote kichwani kwa mpangilio. Wakulima kama kumi walikuwa wananitazama, wengine niliwapimia baba zao. Nikapokea. Nikanywa nusu, nikakishika kikombe mkononi hadi foleni ilipokwisha.